Bonde la Kinoo

Wembe ulirudi kwa posta kutoka Solingen
umefungwa kwa karatasi ya nta,
na ankara ya yuro thelathini na mbili.
Baba akaupitisha juu ya ukucha wa dole gumba,
akausikiliza kama mtu asikilizaye mlango usiku.
"Mashine," akasema. Akaukunja.

Wiki nzima ndevu zikamwota nyeupe,
sakitu juu ya paa za Vielsalm,
na mikono yake ikatetemeka mezani
ikigonga kijiko, ikigonga kikombe,
ikigonga hata pale pasipo na kitu.

Basi nifundishe, nikasema.

Miaka thelathini na minne aliling'oa jiwe la manjano
katika tumbo la mlima, mshipa mwembamba
uliobanwa na mawe ya buluu.
Maelfu yalisafiri kwenda kwa vinyozi asiowajua.
Moja alilirudisha nyumbani ndani ya soksi.

"Maji, si mate. Mgongo usiinuke.
Tanguliza makali, kana kwamba unalimenya jiwe
ganda jembamba kuliko la kitunguu.
Usikandamize. Unakandamiza, Ghislaine.
Shuleni ulikandamiza hata kalamu."

Nililia wembe huu nikiwa na miaka mitano.
Hawakunipa. Walinipa kijiko cha mti,
nikajinyoa povu mbele ya kioo
hadi shavu likawa jekundu.
Sasa nina hamsini na mmoja, nimepewa,
na hicho ndicho kilio.

Kwenda. Kugeuza. Kurudi.
Tope likaingia kijivu: chuma kimeanza kukubali.
Nikaujaribu kwenye malaika ya mkono wangu.
Ncha ilinyoa. Kisigino kilinyoa.
Katikati palipita kama kidole.
Mara ya pili vilevile, mara ya tatu vilevile,
mara ya nne nikatukana kwa lugha ya bibi,
na Baba, macho kayafumba, akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Sauti inapotea katikati. Lete rula."

Rula ya chuma juu ya jiwe, mbele ya taa.
Chini yake ukapita mwanga,
mrefu, mwembamba, kama ule wa chini ya mlango
wa chumba ambamo mtu bado hajalala.

Bonde.
Si mvua iliyolichimba. Ni mkono wake,
asubuhi kwa asubuhi kabla ya king'ora cha machimbo,
Jumapili kabla ya misa,
siku tuliyomzika Mama, alipotoka nje
kanyolewa vizuri kuliko siku zote.
Kifundo chake kilijua pa kushuka na pa kupanda.
Changu hakijui.

"Lisawazishe."
Nikanyamaza.
"Ni kinoo, Ghislaine, si picha ya harusi."

Nikalichora kwa penseli, miraba miraba.
Nikalaza msasa juu ya kioo cha dirisha la zamani,
nikamwaga maji, nikaanza kusugua.
Pembeni mistari ilifutika upesi.
Katikati ilikataa.
Maji ya manjano yakashuka kwenye sinki:
miaka kumi, nilikisia, kisha ishirini,
kisha asubuhi ile ya Mama,
ilipita kwenye tundu bila kishindo.

Ukabaki mstari mmoja mfupi kama kope.
Mkono wangu ukasita.

Hakusema neno. Alivuta kiti,
akaiweka mikono yake juu ya jiwe,
yote miwili, na ile tetemeko
iliyogonga kijiko, iliyogonga kikombe,
ikapata kazi.
Tulikaa hivyo mpaka maji yakapoa.
Alipoinua, jiwe lilikuwa jeupe la manjano,
tupu, kama uso wa mtu aliyeamka sasa hivi.

Jumamosi nikampaka povu.
Nikaivuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili,
nikashusha wembe, nao ukashuka
bila kuuliza njia.
Shavu la kulia. La kushoto. Mdomo wa juu.
Chini ya taya, pale mshipa unapopiga,
nilizuia pumzi.

"Unakandamiza," akasema.