Cha Mvunguni

Riyali mia tatu na themanini
ndani ya bahasha ya duka la dawa:
ni kofia kumi na tisa nilizozidarizi
tundu kwa tundu, mwaka mzima,
hadi kidole cha sindano kikaota sugu.
Kibali kimo mkobani, kina muhuri.

Nizwa, Ijumaa, saa tatu asubuhi.
Mbuzi wameshapata wenyewe,
vumbi lao bado linaelea.
Muuzaji anamuuliza mdogo wangu:
"Bwana anapenda ipi?"
Bwana anapenda simu yake.
Muhanna hajui mtutu na mpini wa jembe.

Ya kwanza ina kitako cha jozi,
kinang'aa kama halua iliyomwagiwa samli.
Nimekitazama, nikakiacha.
Kitako hakilengi.

Ya pili nimefungua komeo mwenyewe,
nikahakikisha tupu, nikahakikisha tena,
nikatia ukucha nyuma ya mtutu,
mwanga ukagonga ukucha, nikachungulia mdomoni:
vishimo vya kutu, kama sufuria
iliyolazwa na maji ya chumvi.
Asante. Rudisha.

Darubini sasa.
Anatoa kubwa, nene kama mkono wa mtoto,
"hii inavuta hadi mwezini," riyali arobaini tu.
Nimeielekeza mnara wa ngome:
ukingoni mwa kioo mnara umeota upinde wa mvua,
na kile kirungu cha kurekebishia
kinazunguka kama mlevi, hakisemi kitu.
Ndogo iliyo kando yake inakuza mara nne, basi.
Lakini ufa wa ukutani nauona hadi mwisho,
alama ya kujumlisha imetulia juu yake,
na kila nikizungusha inajibu: tik. Tik.
Mia na hamsini.

"Dada, karibu nusu ya pesa kwenye jicho?"
Ndiyo, Muhanna.
Mkono usioona hupapasa.

Mimi simwindi mtu wala mnyama.
Paa wa bondeni hawaguswi, sheria ni sheria;
babu aliwala ujanani
na uzeeni akawa anawaota.
Nina sahani ya bati juu ya jiwe,
nyuma ya mitende ya shangazi Thuwaiba,
hatua mia mbili,
na wanawake wanne wa kushindana nao
ambao wamenicheka vya kutosha.

Basi nikainama.
Chini ya meza, ndani ya gunia la mchele,
kitako kimechubuka, mkanda umekatika,
ila komeo linateleza kama droo ya fundi mzuri,
na ndani ya mtutu mifuo inajipinda
safi, sawasawa, kama msuko wa ukili.

Nikamwambia Muhanna kwa lugha ya nyumbani,
uso mkavu, nisionekane na hamu:
"Ndiyo hii. Usiitazame.
Mwambie ina kutu, anzia mia na themanini."

Muuzaji akafuta miwani yake, taratibu.
"Kutu, mwanangu?
Hayo ni mafuta ya nazi.
Mimi nimezaliwa Wete, mtaa wa Jadida,
na wewe unadanganya kama mtu wa Chake."

Muhanna akaiweka simu mfukoni,
kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Tukavutana hadi mia mbili na kumi na tano.
Vishikizo vya darubini, kumi na moja.
Akaniita mimi, si Bwana,
akanipa bisibisi:
"Skrubu hizi zikaze mwenyewe.
Kidogo huku, kidogo kule.
Kwa kipimo, si kwa hasira,
na ukifika nyumbani zikaze tena,
maana njia ya gari haina adabu."

Zimebaki riyali nne.
Muhanna anataka mishikaki.
Risasi bado hatujanunua.