Chupa

Ketan amezima feni ili nisikie vizuri.
Saa nane mchana, Kisumu hii, jasho linanitiririka mgongoni,
na mashine mbili ziko juu ya meza nyuma ya mafriji.

Ya kwanza sahani yake nzito kama jiwe la kusagia.
Ukiigusa kwa kidole haishtuki.
Huzungushwa na mkanda mwembamba, uzi wa lastiki tu.
Laki nne na nusu.
"Sindano ni kando," asema, sauti ya daktari.

Ya pili mota yake iko chini ya sahani, haina cha kulegea.
Bonyeza, imeshashika kasi.
Laki mbili na ushee, na chai juu.

Anifundisha kushusha mkono wa sindano:
"Gramu mbili, Mama Adongo, zisizidi."
Gramu mbili!
Miaka thelathini na mmoja nimekuwa mkunga,
nimepokea watoto wa gramu mia tisa,
nikazihesabu moja moja hadi alfajiri.

Alitaka kunichezea vinanda vya Ulaya.
Nikamwambia, mgema hajisifii tembo, nionje mwenyewe.
Nikatoa santuri yangu kwenye mfuko wa unga,
ile ndogo, yenye tundu pana katikati.
Akapekua droo nzima kutafuta kizibo chake.

Mwaka wa sabini na nne, chumba cha juu karibu na reli,
ndugu yangu Okelo aligonga chupa ya soda
kwa msumari wa inchi nne
katika wimbo huu.
Ndivyo alivyosema maisha yake yote.
Jaladani majina sita, lake halimo.
Kwenye gramafoni ya baba tulisikia magitaa, besi, waimbaji,
chupa hatukuisikia.
Tukamcheka arusini, tukamcheka matangani:
Okelo wa Chupa!
Hata kaburini aliingia na jina hilo.

Tuanze na ya pili.
Gitaa likaingia mbio kama limekimbia mvua,
besi ikanijaa kifuani, bega likacheza lenyewe.
Tamu. Tamu kweli.
Chupa hakuna.

Haya, ile nzito.
Kwanza mkwaruzo: tk, tk, tk,
kila kosa la mikono yetu limesomwa kwa sauti.
Kisha kati ya gitaa na gitaa pakafunguka nafasi,
mtu akavuta kiti,
mtu akakohoa,
na kule kushoto, nyuma ya besi,
kli.
Kli.

Ketan hakuona kitu. Alikuwa anafuta vumbi.

Tena anachelewa! Kila pigo, nusu pumzi,
wenzake wameshageuka kona yeye ndiyo anafika.
Ndiyo maana hawakumwandika.
Sisi mapacha tulitangulia, yeye akaja baadaye,
akaitwa Okelo kwa kufuata,
na kufuata hakukumtoka.

"Rudisha," nikasema.
Akarudisha.
Nikawaza stima ya Migosi inavyokwenda na kurudi,
nikawaza hela za sako, na Aluoch binti yangu
atakayeniuliza bati la jikoni liko wapi.
"Rudisha tena."
Mara ya tatu nilitoa ufunguo wa nyumba
nikagonga ukingo wa friji,
polepole,
nikichelewa naye.

"Hiyo sindano," nikauliza, "umesema ni pesa ngapi?"