Maji Baridi

Getini mhifadhi anakata risiti.
"Wenyeji au wageni?"
Nasita kidogo. Nimezaliwa nyuma ya kilima kile,
penye mgrivelia uliobaki peke yake.
"Andika wenyeji," nasema,
na mwanangu Godlisten anacheka, maana yeye
ni mtoto wa Sakina, wa lami na geti la chuma,
ziwa amelizoea kwenye kalenda ya benki.

Tunashuka. Njia imelowa.
Viatu vyake vyeupe vinaanza shule.

Duluti halina mto uingiao, wala utokao.
Limekaa ndani ya shimo lake
kama mtu aliyeitwa kikaoni na hajaulizwa kitu.
Tulipokuwa wadogo tuliambiwa halina mwisho:
jiwe ukilitupa Jumamosi, watu wakienda soko la Tengeru,
soko la Jumatano litalikuta bado linashuka.
Tulitupa mengi.
Hakuna aliyerudi Jumatano kuuliza.

Baba yangu, Anaeli, karani wa mizani ya kahawa,
alivua hapa kwa siri.
Kwetu samaki hakuwa kitoweo.
Bibi, mama yake, alimwita nyoka wa maji,
na chungu kilichompika
kisingeyaona tena mafiga yake.
Basi baba akawa na sufuria, nyeusi, haina mfuniko,
akiificha chini ya mibuni, mstari wa tatu,
na huko huko tukipika, tumechuchumaa,
moshi ukipita migombani
na harufu ikitusema kwa majirani.

Ufito wake ulikuwa wa mwanzi.
Boya, kipande cha kandambili ya bluu.
Chambo, minyoo tuliyofukua pale maji ya kuoshea kahawa yalipotuama.
Hakuwa msemaji. Mizani ilimfundisha hivi:
kitu kikitikisika, usikisome kwanza.
Nami nilikaa, nikiliangalia boya lisilosomwa,
kenge akijivuta kwenye matete,
mdiria akidondoka majini kama shilingi,
akiibuka na chakula kabla yetu.

Kitu kimoja baba hakuwahi kubeba: chumvi.
Na kila tulipoinua sufuria, chumvi ilikuwapo,
konzi ndogo ndani ya jani la mgomba,
imefungwa kwa kamba ya mgomba.
Mimi nilidhani ni yeye.
Yeye alidhani ni mama.
Mama, tulipomuuliza miaka imeshapita,
alisema, mimi? Mimi nilijua ni ninyi wenyewe.

Mwezi uliopita tulianua matanga ya bibi.
Tukapanda darini kushusha vitu vyake:
jembe lililolika, kanga mbili hazijavaliwa,
na vifurushi vya mbegu za maharage, vya majani makavu,
kila kimoja na fundo lile lile,
linalojizungusha mara mbili na kuficha ncha.
Baba alishika kimoja. Akakaa kwenye ngazi.
Hakukifungua.

Samaki hakumla mpaka anakufa.

"Mama, boya!"
Linatikisika. Mkono wa Godlisten umeshapanda.
"Usikisome kwanza," namwambia,
na yeye ananitazama kama niliyesema Kichina.
Boya linatulia. Linatikisika tena. Linazama.

Perege. Mdogo, upana wa kiganja,
mistari yake meusi inafifia tukimwangalia.
Mtoto amemshika kwa mikono miwili,
anataka kujua tutampikia wapi.
Hapa msituni moto umekatazwa.
Mibuni iling'olewa; mstari wa tatu
sasa ni chumba cha kupanga, na mpangaji ana mbwa.

"Nyumbani," nasema. "Jikoni. Mbele ya watu."

Natia mkono mfukoni kutafuta chumvi.
Asubuhi niliifunga kwenye jani, nikalijaribu lile fundo.
Limelegea njiani.
Nusu iko kwenye jani.
Nusu imeshikamana na risiti.