Ufunguo wa Ukumbi

Ufunguo wa ukumbi wa Wexby
umefungwa kwa kamba kwenye mwiko wa jikoni
usije ukapotelea mfukoni mwa mtu.
Miaka thelathini na minne mwiko huo
umening'inia nyuma ya mlango wa Muriel Thackray,
na kuugusa bila ruhusa yake
ni mwiko.

Ukitaka ukumbi, bisha hodi kwake.
Utaulizwa ni wa nini, mpaka saa ngapi,
na nani atafuta meza.
Utaandikwa daftarini kwa penseli,
maana watu, asema, hughairi.

Jumatatu ni ya watoto wachanga na mama zao.
Jumanne ni posta: saa mbili tu,
Bwana Pruett akipima vifurushi juu ya meza ya tenisi.
Jumatano hakuna kitu, kwani ndiyo siku ya basi,
nusu ya kijiji iko mjini ikinunua soksi.

Duka lilikufa mwaka wa mafuriko.
Baa sasa ni nyumba ya mtu wa London
aliyekibakiza kibao chenye picha ya mbweha
na bado anashangaa kwa nini wazee
hujaribu mlango wake kila Ijumaa.
Kibanda chekundu cha simu hakina simu:
mna mashine ya kushtua moyo uliosimama,
na rafu ya riwaya za mauaji
kwa anayesubiri.

Februari, Muriel aliteleza kwenye barafu
akienda kuwafungulia kuku. Nyonga ikavunjika.
Alipobebwa kwenye machela alikuwa na mwiko mkononi,
na hakuna aliyethubutu kuuomba.

Jumanne tukasimama nje ya ukumbi,
foleni yenye adabu
chini ya mvua isiyo na adabu.
Bwana Pruett na stempu zake ndani ya mfuko wa nailoni,
Thelma na birika lake, mimi na sweta la mjukuu.
Tukajadili kuvunja dirisha.
Tukajadili kuitisha kamati ya kujadili dirisha.
Ndipo mtoto wa kina Okell, miaka minne,
ambaye hakuna aliyewahi kumweleza,
akausukuma mlango.

Ukafunguka.

Kitasa kilikuwa kutu tupu,
ulimi wake umekwama ndani
kama wa mtu aliyeapa kunyamaza.
Kumbe miaka yote ile
alikuja kabla yetu, akazungusha chuma ndani ya utupu,
akikohoa
tusisikie kwamba hapakuwa na mlio.
Tukatazamana. Thelma akaenda kuchemsha maji.

Aprili alirudi na fimbo mbili.
Jioni ileile nikabisha hodi.
Ukumbi, nikasema. Jumamosi. Dada yangu anatimiza sabini.
"Mpaka saa ngapi?"
Saa nne usiku.
"Na nani atafuta meza?"
Mimi.
Akaandika kwa penseli, akanikabidhi mwiko.

Jumamosi nikaenda nao hadi mlangoni,
wageni wakinisubiri nyuma na keki.
Nikaingiza ufunguo,
nikazungusha,
nikakohoa.