Mizani

Kidato cha pili, saa nne asubuhi, nafundisha mizani.
Nane kwa nane, nawaambia, hesabuni kwa vidole,
mshororo usipotimia huchechemea kama trekta ya Obunga,
ile yenye gurudumu moja la kuazima.
Dirishani trekta zenyewe zimepanga foleni
kutoka lango la kiwanda hadi njia panda ya Awasi,
siku ya tatu leo.
Mua ukikauka hupungua uzito,
na uzito ukipungua hakuna anayeuliza
ni nani aliyeufanya usubiri.

Mama yangu Nereah aliuliza.

Miezi ishirini na miwili alilea eka mbili.
Akina Makokha wakakata, masizi hadi kwenye kope,
nao hulipwa kwa tani, kwa hiyo tani ikiibwa
inaibwa mara mbili.
Ikaja risiti: mbegu, mbolea, kulima, kusafirisha, riba,
na kitu kilichoitwa mengineyo.
Chini kabisa, alama ya kutoa:
mia nne na kumi na mbili. Anadaiwa yeye.
"Huyu Mengineyo ni nani?" akauliza. "Ana watoto wangapi?"

Kila miaka mitano hushuka mtu kwa helikopta
kuja kukifufua kiwanda.
Tumekifufua mara nne; Lazaro alitosheka na moja.
Halafu tukaambiwa serikali haijui biashara,
kikakodishwa miaka thelathini
kwa kampuni isiyo na uso, yenye ukuta tu.
Mizani ikabaki ile ile. Ama tulidhani.

Jumanne moja akina mama wa chama cha Siprosa
wakaazima saruji ya kanisa, mifuko ishirini,
kila mfuko umechapwa kilo hamsini.
Wakapima trekta ya Obunga tupu,
wakaipima na saruji.
Hakuna aliyewasomea kitabu kuhusu unyonyaji.
Walikuwa wamenunua sukari ya kupimiwa dukani
maisha yao yote.

Tani nzima ikasoma kilo mia nane na sabini na moja.

Karani akatazama kiatu chake.
Meneja akasema ni unyevu.
"Wa saruji?" akasema Siprosa. "Basi tungeshakuwa na kanisa."
Askari walipofika waliwakuta wanawake arobaini
wameketi juu ya mizani, wengine wakimenya viazi,
na kioo kikiandika uzito wao,
pungufu.

Siku tisa. Sitasema walishinda.
Mizani ilibadilishwa, meneja akahamishwa,
Obunga bado ana kesi ya kuziba njia,
na risiti ya juzi ina mengineyo.
Ila mfuko mmoja ulinyeshewa pale langoni ukageuka jiwe.
Padre hajaudai.
Kila mwezi huwekwa mizanini kwanza, kabla ya mua wowote,
na karani husoma kwa sauti.

Nageukia ubao. Nimeandika:

Mama kapanda shambani, miwa aliyoambiwa,
Ikafika mizanini, tani tatu zikaliwa,
Karatasi mkononi, kumbe yeye adaiwa,
Utamu u midomoni, mwa asopanda miwa.

Mideva, binti ya mkata miwa, ananyoosha mkono.
"Mwalimu, mshororo wa mwisho, utao wake una saba.
Umepunjwa."

Najua, namwambia.
Ningeweza kuuongezea silabi, nikaulainisha, mkafaulu mtihani.

"Nani mwingine amehesabu?"
Kimya kidogo.
Kisha vidole, dawati kwa dawati,
vinaanza upya kutoka moja.