Lobo

Mwalimu Mkuu ameniomba neno la kutia moyo,
dakika tano, kabla ya kipindi cha kwanza.
Mimi ni mtu wa hesabu. Maneno yangu machache,
na mengi yake ni namba. Nivumilieni.
Novatus, chomekea shati. Asante.

Nilisoma hapahapa Luchelele,
darasa la tano, chumba kile cha mlango wa buluu,
ziwa likipumua nyuma ya madirisha
na sisi tukinuka chaki, sabuni ya mche na dagaa.
Ijumaa za Kwaresima tulikula dagaa.
Ijumaa zisizo za Kwaresima, dagaa vilevile.

Mpishi wetu aliitwa Minza.
Ulimi wake haukuwa na r.
"Habali za asubuhi, watoto wa padli,"
nasi tulirudi bwenini tukimwigiza,
na bingwa nilikuwa mimi,
hadi jioni moja, kanisani, kwa sauti,
nikamalizia ishara ya msalaba
na "Loho Mtakatifu".

Sista Leokadia hakunichapa.
Angenichapa ningesahau.
Alinipa wiki moja ya jikoni.

Siku ya pili Minza akaniambia,
"Toa lobo ya dagaa, weka sufulia ndogo ya wagonjwa."
Nikacheka.
Kisha nikasimama palepale, mikono inaning'inia.
Juzi yake nilikuwa nimepata sita kwa hamsini,
jaribio la sehemu.
Robo! Niliitamka vizuri kuliko shule nzima.
Sikujua ni kitu gani.

Nikachota viganja vitatu, nikakisia.
Akatazama sufuria, akanitazama,
na hakucheka.
Hapo ndipo aibu iliponishika.
Alimwaga dagaa kwenye ungo,
akawakata kwa ubavu wa mkono, katikati,
akawakata tena.
"Hii, na hii, na hii, na hii. Zote ndugu.
Chukua moja."

Siku ya nne niliwahi kuwasha moto.
Giza bado. Nikamkuta ameelekea ukuta,
kipande cha mkaa mkononi.
M. M. M.
Nyingine zimelala, nyingine zina mguu wa ziada,
moja imegeuka W na hakujua.
Mama wa miaka hamsini na mbili,
aliyechoka kuweka dole gumba kila mwisho wa mwezi
kwenye karatasi ya mshahara.
Nilihesabu, maana hata wakati ule sikuweza kujizuia:
mistari tisa, M kumi na tisa kila mstari.
Na hiyo ni herufi moja.
Bado i. Bado n. Bado z. Bado a.

Wewe uliyechana karatasi yako nyuma ya choo,
jina silitaji,
sikuulizi umepata ngapi.
Nakuuliza umeandika M ngapi.

Na wewe wa kwanza darasani,
uliyekanyaga jana sakafu ambayo Mzee Lushinge
alikuwa hajainua hata mgongo kutoka kuipiga deki,
ukapita, hata pole hukusema:
alama zako nilisahihisha mwenyewe, zote ni halali.
Lakini rudi ujumlishe upya.
Kuna kitu umekiruka.

Askofu alipokuja kutoa Kipaimara
jiko lilipakwa chokaa.
Nyuma ya rundo la kuni imebaki M moja,
ya mstari wa chini kabisa, imesimama wima.
Nendeni mkaione, ila pigeni hodi.
Mama Theopista hapendi mtu aingie na viatu.

Minza sikumwomba radhi kwa mdomo.
Nilimbebea kuni hadi nilipomaliza la saba,
nikadhani nimelipa.
Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi.
Kila mara inabaki.

Haya, kengele.
Darasa la sita, leo tunaanza sehemu.
Kila mwaka mnaniuliza, mkificha vicheko,
kwa nini mwalimu akifika kwenye moja ya nne
ulimi wake huteleza.
Hauteleزi.