Herufi Iliyodondoka

Machi, na mtama umeanza kukunja majani.
Darasa la kwanza, watoto themanini na wawili,
madawati kumi na tisa; waliobaki wamekalia sakafu
na vumbi la Mvumi limewapaka magoti rangi moja.

Nimeleta visoda. Kila kisoda nimekiandika irabu
kwa rangi ya kucha.
Nasema: zikikutana mbili, hakuna ya kummeza mwenzake.
U, kofi. A, kofi. Ua.
Ua la boga. Ua wa mabua.
Ua nyoka! anadakia Mbeleje,
na darasa zima linaua nyoka kwa dakika tano.

Toa. Tia. Tua. Jua,
lile linalochoma bati,
na lile jingine, la kufahamu, ambalo leo siligusi.

Kisha naandika: mvua.
Sechelela anasimama, kidole hewani kinafuata chaki.
"Mvu" anaijua, iko kwenye kibao cha shule,
iko kwenye jina la kijiji chake.
Anaitamka vizuri, anavuta pumzi, anamalizia:
"la."

Mvula.

Nachukua kisoda cha u, nachukua kisoda cha a,
navisogeza mpaka vinagongana, tik.
Iko wapi l hapa?
Anatazama katikati ya visoda.
Anainama, anatazama chini ya dawati.
"Bibi anayo," anasema.

Wanacheka. Nami nacheka.

Usiku, kwa taa ya sola, nasahihisha madaftari.
Mvula, kwa penseli iliyotafunwa,
l imesimama wima kama mchi kwenye kinu.
Kalamu nyekundu mkononi, naisikia Kasulu:
nyanya yangu anatazama wingu, anasema imvura,
na mwalimu wangu, fimbo mezani,
anaing'oa ile r
kama ang'olewavyo kupe.
Sikumbuki ni lini iliacha kuniuma.

Kumbe hapo u na a zinapogusana
palikuwa na mtu amekaa.
Kiswahili kilipita, kikadondosha mzigo mdogo njiani,
safari ikawa nyepesi. Sikilaumu.
Ndicho kinachonilisha, na ndicho ninachootea ndoto.

Ila mtihani wa kusoma ni Ijumaa,
na mkaguzi hana safu ya bibi kwenye fomu yake.
Basi naweka alama ya kosa, ndogo, kama ya kuazima.
Pembeni: mvu-a, makofi mawili.
Na chini kabisa, kwa mwandiko wa polepole:
mwambie bibi nimeiona.

Hataweza kuisoma kabla ya Agosti.
Ina i na o zilizokaa bega kwa bega,
na huko hatujafika.